Malalamiko ya vita vya Wajerumani Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa koo, serikali za vijiji, walimu na maofisa utamaduni wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma wanaotaka kujua serikali zimeshughulikiaje malalamiko ya vita vya zamani, na leo dai lipelekwe wapi, kwa karatasi gani.

Vita gani hasa vinahusika?

Vitatu. Cha kwanza ni vita vya Wahehe, kuanzia mapigano ya Lugalo ya 17 Agosti 1891, alipouawa kamanda wa Wajerumani Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake, hadi kifo cha Mtwa (mtawala wa Wahehe) Mkwawa karibu na Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Katikati yake kuna kuangushwa kwa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Cha pili ni Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambacho huku kwetu kiliwagusa zaidi Wangoni, Wabena na Wapangwa. Misheni ya Yakobi, Njombe, ilishambuliwa Septemba 1905. Cha tatu ni Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), yakachukua Tukuyu, na mwishoni mwa Agosti yakawa Iringa.

Ukiandika dai, usivichanganye. Barua nyingi zinaandika "vita vya Mjerumani" bila mwaka, na hapo hapo karani anakwama. Mtu aliyekufa 1897 na aliyekufa 1906 wako kwenye majalada tofauti, chini ya maofisa tofauti.

Serikali ya Wajerumani yenyewe ilisikiliza malalamiko baada ya vita?

Baada ya vita vya Wahehe, hapana. Ilijaribu njia ya mkato: mwishoni mwa 1896 ilimsimika Mpangile, nduguye Mkwawa, awe mtawala anayesikika na watu. Wiki chache baadaye, mapema 1897, ikamnyonga kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake. Mtu aliyewekwa kuwa mlango wa malalamiko akageuzwa mshtakiwa.

Baada ya Maji Maji mambo yalikuwa na sura mbili. Gavana Götzen alishikilia kwamba chanzo ni uchawi na njama za wakubwa wa makabila. Maelezo hayo yalimfaa, kwa sababu ukikubali kwamba chanzo ni pamba ya lazima, kodi na viboko, basi mshtakiwa ni serikali. Götzen aliondoka 1906, akaja Albrecht von Rechenberg, gavana raia, na mwaka 1907 waziri wa makoloni Bernhard Dernburg akaja kujionea mwenyewe. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yakaachwa, na Rechenberg akaegemea kilimo cha Waafrika wenyewe kuliko mashamba ya walowezi, jambo lililowakera sana walowezi.

Haya yalikuwa mageuzi. Fidia haikuwamo. Waliochomewa maghala ya chakula hawakurudishiwa chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vya Maji Maji yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Upana huo wenyewe ni ushahidi kwamba hakuna aliyekaa kuhesabu.

Ilikuwaje fuvu la Mkwawa likaingia kwenye Mkataba wa Versailles?

Novemba 1918 Horace Byatt, aliyekuwa akiongoza utawala wa Waingereza hapa, aliiandikia London akipendekeza fuvu hilo, lililoaminika kuchukuliwa na Wajerumani, lirudishwe. Hoja yake ilikuwa ya kiutawala: kurudisha kichwa kungewaonyesha Wahehe kwamba Mjerumani ameshindwa kweli. Pendekezo likapita, likawa kifungu cha 246 cha mkataba huo wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, uliotiwa saini 28 Juni 1919. Kifungu kinaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika. Mkataba ulianza kutumika 10 Januari 1920, kwa hiyo mwisho wa muda ulikuwa 10 Julai 1920.

Muda ukapita. Ujerumani ilisema fuvu halipatikani, Uingereza haikukaza. Soma tena maneno ya kifungu uone kasoro yake: kinataja kitu na mpokeaji, lakini hakitaji mahali kilipo wala atakayethibitisha. Na mpokeaji ni serikali ya Uingereza, ukoo haumo.

Lilirudi vipi basi, na lililopo Kalenga ni lake kweli?

Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifufua jambo hilo. Mwaka 1953 alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa mafuvu. Alikuwa amepata vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, akatafuta mafuvu ya Afrika Mashariki yenye uwiano wa urefu na upana unaokaribiana, kisha akachagua moja lenye tundu la risasi, kwa kuwa Mkwawa alikufa kwa risasi. Likakabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Uthibitisho ulikuwa huo tu: umbo la kichwa na tundu. Kipimo cha aina hiyo kinaweza kuondoa mafuvu yasiyofanana, lakini hakiwezi kumtambua mtu mmoja. Ndiyo maana wanahistoria wamelitilia shaka. Heshima inayotolewa Kalenga ni halali kwa vyovyote, lakini anayeandika dai jipya asiuchukue utaratibu wa 1954 kama kielelezo. Wakati nao uangaliwe: Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni ilihitaji machifu walio upande wake. Fuvu lilirudi siku ambayo kurudi kwake kulimfaa anayelirudisha.

Kwa nini fuvu lilijibiwa na njaa haikujibiwa?

Kwa maoni yetu, kwa sababu fuvu lilikuwa kitu kimoja chenye jina, na kulirudisha hakukugharimu hazina. Ng'ombe, pembe za ndovu za Kalenga, maghala ya Ubena na Upangwa, hayo yangehitaji hesabu, na hesabu ingezaa deni. Sheria hii isiyoandikwa bado inafanya kazi. Dai linalosema "tulidhulumiwa sana" linapokelewa kwa upole na kuwekwa kabatini. Dai linalosema "kichwa cha fulani, aliyenyongwa mahali fulani, mwaka fulani, na sisi ni wajukuu zake kwa mstari huu" linamlazimu mtu fulani ofisini ajibu ndiyo au hapana.

Askari na wapagazi wa Vita Kuu walilipwa?

Askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani walibaki na noti za muda na hati ambazo baada ya vita hazikuwa na thamani. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Simulizi inayojulikana ya Mwanza inasema wazee walijitokeza wengi, wenye vyeti wachache, basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio ashike kama bunduki na kutii amri kwa Kijerumani, hakuna aliyeshindwa. Wapagazi, wa pande zote mbili, hawakuwa na hata ufagio wa kuwatetea. Mishahara ya waliofia njiani kwa kiasi kikubwa haikuwafikia ndugu, na sababu kubwa ni majina: mpagazi aliandikwa jina moja tu, mara nyingi la utani, bila kijiji.

Ukoo wetu unaamini kichwa cha babu kilipelekwa Ujerumani. Tuanzie wapi?

Anzeni na kikao cha ukoo. Barua kwa balozi ije baadaye. Kikao kiwe na muhtasari ulioandikwa: tarehe, mahali, majina kamili, sahihi au dole gumba la kila aliyehudhuria, na uamuzi mmoja wa kumteua msemaji na msaidizi wake. Mtendaji wa kijiji au mtaa agonge muhuri kuthibitisha kwamba kikao kilifanyika na wahusika ni wakazi. Machifu hawana madaraka ya kisheria tangu 1963, kwa hiyo sahihi ya chifu au mtwa inaongeza uzito wa kimila, ila haichukui nafasi ya muhtasari. Dai linalokufa haraka kuliko yote ni lile lenye wasemaji wawili wanaopingana. Ofisi inasubiri "ukoo upatane kwanza" na haiulizi tena.

Kisha andikeni masimulizi, na hapa pana mtego ambao wengi hunasa. Kwetu ndugu wa babu naye ni babu, na mtoto wa baba mdogo ni kaka. Nyumbani hilo halina tatizo, lakini kwenye kiapo linaharibu kila kitu. Msiandike "babu yetu". Andikeni: "baba wa baba wa baba yangu", au "kaka wa baba yake babu yangu, baba mmoja, mama mbalimbali". Chora mti wa ukoo kwenye karatasi moja, kila mtu na jina lake, jina la mama yake, na alikozikwa. Wazee wawili wasimulie kila mmoja peke yake, kila simulizi iandikwe kivyake hata kama zinatofautiana. Mkizisawazisha, mtafiti atajua, na atashuku hata yaliyo kweli.

Mwisho wa hatua hii, msemaji aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Mawakili wengi mjini Iringa, Njombe na Mbeya wanafanya kazi hiyo. Kiapo kitenganishe anachokijua yeye mwenyewe na alichosimuliwa, na kitaje aliyemsimulia.

Nyaraka za Kijerumani zinapatikana wapi?

Sehemu moja iko Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sehemu nyingine, ya Wizara ya Makoloni ya Kijerumani, iko Bundesarchiv mjini Berlin, fungu R 1001, na imewekwa kwenye mtandao kwa picha. Kumbukumbu za misheni nazo zisisahaulike: Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891 na hifadhi yao iko Herrnhut; Misheni ya Berlin ilikuwa Ubena na Ukinga; Wabenedikto walikuwa Peramiho, na makao yao ni St. Ottilien.

Mkitafuta kwa majina ya leo mtarudi mikono mitupu. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Manda ni Wiedhafen. Kasanga ya Rukwa ni Bismarckburg. Mkwawa anaandikwa pia Quawa na Kwawa. Mji wa Mbeya haupo kabisa kwenye majalada hayo. Ulikua miaka ya 1920 na dhahabu ya Lupa, kwa hiyo habari za Usafwa na Unyakyusa zitafuteni Langenburg.

Tatizo jingine ni mwandiko. Majalada mengi yameandikwa kwa mkono, kwa herufi za kale ambazo hata Mjerumani wa leo hazisomi bila kufundishwa. Mpigieni hesabu msomaji kabla ya mtafsiri.

Kipimo cha vinasaba (DNA) kinasaidia?

Kinasaidia pale tu ambapo makumbusho tayari yana dokezo la mahali fuvu lilikotoka. Mfano mzuri ni wa 2023. Taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilikamilisha utafiti wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki: 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya. Machache tu yalikuwa na maelezo ya kutosha kuanza kutafuta jamaa, na Septemba mwaka huo matatu yakaoanishwa na familia zilizo hai Kilimanjaro. Kilichofungua njia huko ni maandishi yaliyoandikwa juu ya mfupa au kwenye daftari la mkusanyaji, maabara ilithibitisha.

Chagueni vizuri wa kutoa sampuli. Mstari wa baba unafuatwa kwa mwanamume aliyetokana na mwanamume bila kukatika: mtoto wa kiume wa mtoto wa kiume, na kuendelea. Binti akiingia katikati, kipimo hicho kimeisha. Mstari wa mama unafuatwa kupitia wanawake, kwa hiyo jamaa anayefaa ni mzao wa dada yake marehemu, mama mmoja, kwa njia ya mabinti. Watoto wa marehemu mwenyewe hawamo. Koo za kitawala zinawakumbuka sana baba na kuwasahau mama, ndiyo maana jina la mama linatakiwa kwenye ule mti.

Msimpe mgeni sampuli ya mate kwa ahadi ya kurudi na majibu. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Mbeya. Mtu binafsi haendi tu dirishani kuomba kipimo. Maombi hupitia mamlaka, na kusafirisha sampuli nje kunahitaji kibali.

Barua ipelekwe kwa nani?

Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia ofisa utamaduni, nakala kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Kutoka hapo njia yake ni wizara yenye dhamana ya malikale, yaani Maliasili na Utalii, na Makumbusho ya Taifa, kisha Mambo ya Nje. Sambamba na hilo, mnaweza kuuliza moja kwa moja Berlin: tangu 2020 kuna ofisi maalumu ya kupokea maswali kuhusu mikusanyo ya kikoloni, Kontaktstelle für Sammlungsgut aus kolonialen Kontexten. Kazi yake ni kuwaelekeza kwenye jumba husika. Haina mamlaka ya kurudisha chochote, na marejesho yenyewe huenda serikali kwa serikali.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora siyo mlango wa dai hili. Sheria yake ya 2001 inaizuia kuchunguza mambo yanayohusu uhusiano wa serikali yetu na serikali ya nchi nyingine. Lakini kama lalamiko ni kwamba ofisi ya hapa nchini imekalia barua yenu bila sababu, hilo ni la utawala bora, na pa kulipeleka ni huko.

Barua ina mwaka, haijajibiwa. Tufanyeje?

Je, mna nakala yenye muhuri wa mapokezi? Kama hamna, kwa ofisi barua haikuwahi kufika. Siku ya kupeleka, nendeni na nakala mbili, karani wa masjala agonge muhuri na tarehe kwenye yenu, na muulize kumbukumbu namba ya jalada. Ufuatiliaji wote uanze na namba hiyo. Kusema "ile barua ya fuvu" hakumsaidii mtu aliyehamia kutoka Singida mwezi uliopita.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Msiulize "lini tutalipwa". Ulizeni jambo moja linalojibika: barua ya tarehe fulani, jalada namba fulani, iko hatua gani na ilipelekwa kwa nani.

Rais wa Ujerumani aliomba msamaha Songea. Si amekubali deni?

Frank-Walter Steinmeier alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao wa Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, na akaomba msamaha. Aliahidi ushirikiano katika kutafuta mabaki. Fidia hakuitaja kama deni. Msamaha wa kiongozi wa nchi una uzito wa kisiasa na mnaweza kuunukuu kwenye barua, ila mahakamani hausimami peke yake.

Je, tunaweza kushtaki tulipwe fedha?

Tazameni mifano mitatu. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Walalamikaji walikuwa hai, wenye makovu, na nyaraka zilizofichwa zilikuwa zimefichuliwa. Waherero na Wanama wa Namibia waliishtaki Ujerumani New York mwaka 2017. Kesi ikatupwa 2019 kwa kinga ya dola, yaani kinga ya nchi kutoshtakiwa kwenye mahakama ya nchi nyingine. Mwaka 2021 Ujerumani na Namibia zikatangaza makubaliano ya euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, kwa jina la miradi, bila kuita fidia ya kisheria, na wazao wengi wakalalamika kwamba hawakushirikishwa.

Sisi hatuna mlalamikaji aliye hai wa 1898 wala 1906. Njia iliyobaki ni ya serikali kwa serikali, na hapo linaloamua ni kama madai yenu yamo ndani ya jalada la wizara au yamebaki kwenye hotuba za kilele cha maadhimisho. Anayewaomba mchango wa "wakili wa Ulaya" kwa ahadi ya mgawo kwa kila kaya, mwombeni usajili wake na mkataba wa maandishi; wengi huishia hapo.

Tumelima tukakuta mifupa na maganda ya risasi.

Acheni kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza uchimbaji bila leseni. Funikeni kwa udongo uleule, wekeni alama, mjulisheni mtendaji wa kijiji na polisi, maana kabla ya kuitwa malikale lazima ijulikane kwamba siyo maiti ya juzi. Ganda la risasi likihamishwa kutoka lilipolala limepoteza nusu ya habari yake. Na risasi ambayo haijalipuka msiiguse, hata ikiwa na kutu ya miaka mia.

Mabaki yakirudi, nani anayapokea, na tunaweza kuzika siku hiyohiyo?

Serikali inapokea kwanza, ukoo unafuata, kwa makabidhiano yaliyokubaliwa mapema. Kubalianeni kwa maandishi kabla ndege haijaruka: kuzika au kuhifadhi, wapi, kwa ibada ya nani, kwa gharama ya nani. Ukoo wenye Waislamu, Walutheri na wa mila ndani ya boma moja hauwezi kuliamua hilo uwanja wa ndege.

Ulizeni pia hati ya matibabu ya mabaki. Makumbusho ya zamani yalipaka mikusanyo yao sumu za kuua wadudu, ikiwemo aseniki na zebaki, na sumu hizo hazijatoka. Anayeosha au kushika kwa mila avae glavu, watoto wasiguse, na kitambaa kilichofungiwa kizikwe pamoja na mabaki, kisibaki nyumbani.